Ubao wa Nane

Ukipanda Kadutu kwa miguu, ukipita soko na ngurumo za vinu vya muhogo, utasikia gitare kabla ya kuiona nyumba. Hapo ni kwa Apolline Cibalonza. Hana kibao mlangoni. Kibao cha nini, ikiwa kila kwaya ya mji huu, toka Panzi mpaka Nyawera, na hata wakulima wa Mudaka na Miti wanaotaka gitare ya harusi, wanaijua njia? Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mabega ya mtu aliyesukuma randa tangu utoto, na mdomo ambao, tuseme ukweli, haujui kunyamaza. Kuna wanaume wawili watatu Bukavu wanaotengeneza gitare pia. Shingo ya gitare ikiwashinda wanamletea yeye, wakiwa wameifunika kwa kitenge ili watu wasione.

Kazi aliirithi kwa baba yake, muzee Aganze, na alifundishwa kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Vinu vile vilinguruma asubuhi mpaka jioni, na kamba nyembamba ya gitare haisikiki mbele ya kinu. Basi siku moja muzee alimwambia binti yake, akiwa na miaka minane, aume kichwa cha gitare kisha apige kamba. Sauti ikampitia menoni, ikaingia kichwani, safi, utadhani vinu vyote vimezimwa.

"Unasikia?" muzee alimuuliza. "Sauti haiko kitu ya masikio peke yake. Sauti ni kitu inatetemeka. Kamba inatetemesha ubao, ubao inatetemesha meno, meno inatetemesha mufupa ya kichwa. Kama hakuna kitu inatetemeka, hakuna wimbo."

Alimfundisha pia ugomvi wa kamba. Ukipiga kamba mbili zinazokaribia kulingana lakini hazijalingana, utasikia sauti inavimba na kupungua, waa, waa, waa. Muzee alisema hizo zinagombana. Unakaza taratibu, ugomvi unapoa, unazidi kupoa, mpaka unakatika kabisa, na hapo kamba zimepatana. Apolline hakuhitaji mashine yoyote ya kupimia. Alisikiliza ugomvi tu. Na la tatu, ambalo muzee alilirudia kama sala: nusu ya kamba ni mtoto wa kamba. Bana kamba katikati kabisa, utapata sauti ile ile, ila ya utotoni, iliyopanda ngazi nzima. Mwalimu wa shule ataiita oktavu. Kwa Aganze ilikuwa mtoto.

Muzee alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na hapa ndipo kidonda chenyewe kilipo. Watu waliendelea kununua "gitare ya Aganze". Wanamkuta mwanamke ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope, ameshika patasi, wanamuuliza, "Ni gitare ya Aganze kweli?" Angejibu nini? Alijibu ndiyo, akapokea, akafunga mlango, akasaga meno. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, msije mkamwelewa vibaya. Lakini miaka kumi na miwili kila kitu kilichotoka mikononi mwake kilikuwa cha marehemu. Alitaka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho watu wangesema ni chake.

Kitu hicho kilikuja mwaka ambao parokia yao ilitimiza miaka hamsini. Mabenchi ya kwanza ya kanisa, yale ya mbao nyekundu ya libuyu, yalikuwa yameliwa na fukusi, na padri aliamua yaondolewe. Lakini nani angethubutu kuyachoma? Kila benchi lilikuwa la shirika moja. Kwetu hapa shirika si ofisi wala kampuni. Ni jumuiya ya wakristo wa mtaa, nyumba ishirini au thelathini, wanaosali pamoja na kuzikana. Parokia ina mashirika kumi na tano. Seremala mmoja alipoyakagua, kila benchi lilibakiza kipande kimoja cha afya, cha mita moja hivi. Mbao kumi na tano, basi. Ndipo mkuu wa kwaya, Mwalimu Mardochée, anayefundisha fizikia sekondari, akasimama mkutanoni.

"Tufanye madimba," alisema, yaani ile marimba ya mbao inayopigwa kwa fimbo. "Mbao kumi na tano ni sauti kumi na tano, oktavu mbili kamili. Kila shirika itakuwa na sauti yake."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wazo lilikuwa tamu, na likapata utaratibu wake hapo hapo, kwa heshima ya umri kama tunavyofanya mambo yetu: shirika la kwanza kuzaliwa lipate ubao mrefu kuliko zote, wenye sauti nzito ya mzee, la pili lifuate, na kadhalika mpaka la kumi na tano, kitinda mimba, lipate ubao mdogo wenye sauti ya juu kabisa. La nane, la katikati, lilikuwa shirika la Mtakatifu Ana, lililoanzishwa na marehemu mume wa maman Bibiane, mshona nguo. La kumi na tano lilikuwa la Mtakatifu Bakhita, familia zilizotoka Mwenga na Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, zilizopanga vyumba kule juu ya mlima. Hao walipewa benchi lao miaka michache tu kabla halijaharibika.

Swali likawa fundi. Mmoja akasema tuagize Kinshasa. Mwingine akasema, "Aganze angekuwa hai, angeweza." Apolline alikuwa ameketi nyuma. Akainuka.

"Aganze hakufanya hata madimba moja mu maisha yake," alisema. "Miye nitafanya. Mbao zote kumi na tano zitaimba. Moja ikikosa kuimba ju yangu, naweka musumeno chini, na hamutaniona tena nikiushika."

Maneno kama hayo yakishatoka mdomoni, maji yamemwagika.

Alianza vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Aliutengeneza ubao wa kwanza, wa shirika la wazee, akaunyoosha kwa randa mpaka ukawa sentimita tisini na sita kamili. Akauegemeza ncha zake juu ya kamba mbili, akaupiga. Ulitoa tok, kama mtu amegonga mlango wa choo. Akazisogeza kamba zote mbili katikati. Tok ile ile. Mtu mwingine angesema mbao zimekufa, zina fukusi. Apolline alikwenda jikoni akaleta chumvi.

Aliinyunyiza chumvi laini juu ya ubao mzima, akaanza kuugonga polepole, mara nyingi, katikati, kwa fimbo yenye kichwa cha mpira. Chumvi ikaanza kuruka. Ikaruka kutoka katikati, ikaruka kutoka nchani, na kidogo kidogo ikakusanyika kwenye mistari miwili iliyokatiza ubao, mmoja kila upande, pungufu kidogo ya robo ya urefu kutoka nchani. Pale kwenye mistari ilitulia tuli. Ubao mzima ulikuwa unacheza, ila sehemu hizo mbili zilikuwa hazichezi.

"Kumbe unapumzikia hapa," aliuambia ubao. Akaziweka kamba chini ya mistari ile ile, akapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya duara, ikakaa hewani, ikafika mpaka kwa jirani aliyeacha kufua akaja kutazama. Ukishikwa pale unapotaka kucheza, ubao unanyamaza. Ukishikwa pale unapotulia wenyewe, unaimba. Hakuna aliyemfundisha hilo. Kabla jua halijazama nusu ya mtaa ilikuwa imepita kuangalia chumvi ya Apolline, na Mwalimu Mardochée aliinama juu ya ubao akasema kwamba huko chuo kikuu waliwahi kuchorewa mistari ile ubaoni kwa chaki, lakini hakuwahi kuiona kwa macho yake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ya pili Apolline aliamua kukata ubao wa nane, kwa sababu huo ndio ungekuwa mtoto wa ule wa kwanza, na ukishapata mama na mtoto, wengine wa katikati utawapanga.

"Maman, jaribu kwanza na ubao ingine ya bure," Mardochée alimwambia, kwa upole kabisa.

"Mwalimu, miye nilianza kupima kamba wakati weye ulikuwa ukinyonya."

Nusu ya kamba ni mtoto wa kamba. Tisini na sita, nusu yake arobaini na nane. Akapima, akachora, akakata. Msumeno ulipita kwenye libuyu ya miaka hamsini, na harufu yake nzuri ikajaa chumba.

Akaweka kipande juu ya kamba, pale pa kupumzikia, akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, kali, kama ya ndege. Akachukua gitare, akatafuta sauti ile. Haikuwa mtoto. Akapanda juu, akaendelea kupanda, mpaka akaikuta: ilikuwa mtoto wa mtoto. Ilipanda ngazi mbili nzima badala ya moja. Akanyunyiza chumvi akidhani ameikosea kamba. Chumvi ikajipanga mistari miwili, sawasawa kabisa. Ubao haukuwa mgonjwa. Akaugeuza, akauparua tumbo kwa randa, maana alikuwa ameshagundua kwamba ukipunguza unene wa katikati sauti hushuka. Ikashuka kidogo tu. Ili ishuke ngazi nzima ingebidi aufanye karatasi. Akaacha, kisha akakata ncha kidogo, na sauti ikarudi juu ilipokuwa.

Akaketi sakafuni. Ubao wa shirika la Mtakatifu Ana ulikuwa vipande viwili, na hakuna dawa ya kuunga ubao ukaimba tena. Zilibaki siku kumi na tisa kabla ya sherehe ya miaka hamsini. Zilibaki mbao kumi na tatu ambazo sasa hakujua azikate wapi, kwani sheria pekee aliyoijua, sheria ya baba yake, ilikuwa imemwangusha. Na alikuwa ameapa mbele ya watu. Aliogopa, aliogopa kweli.

Akatwaa vipande viwili sawa vya eukalipti ya kujengea, vya tisini na sita. Kimoja akalinganisha nacho kamba ya gitare, akaibana kamba hiyo katikati, cha pili akaanza kukipunguza kidogo kidogo, akipiga, akisikiliza, akipunguza tena. Themanini, bado. Sabini na tano, bado. Ilipofika sitini na nane ugomvi ukakatika, akampata mtoto. Sitini na nane! Kwa nini sitini na nane? Si nusu, si theluthi mbili, si robo tatu. Namba isiyo na baba wala mama.

Ndipo shetani akaja, kwa heshima zake zote. Mbao zote sasa zilikuwa zimepigwa randa, nyekundu, hazitofautiani. Majina ya mashirika yangeandikwa mwishoni. Ule uliokatwa ulikuwa sahihi kabisa kwa sauti ya kumi na tano. Na ubao wa Bakhita, wa watu wa Shabunda, ambao bado ulikuwa mzima, ungekatwa sitini na nane ukae katikati. Ilibaki kubadilisha majina tu: ule wa Ana uandikwe Bakhita, na wa Bakhita uandikwe Ana. Nani angejua? Fukusi?

Siku mbili alibaki na wazo hilo. Alikula nalo, akasali nalo misa ya asubuhi. Siku ya tatu akafunga vile vipande viwili ndani ya kitenge, akapiga moyo konde, akateremka kwa maman Bibiane.

Bibiane ana miaka sabini na tatu na bado anashona kwenye baraza yake, mashine ya kukanyaga, miwani imefungwa kwa uzi. Ndiye aliyeshona nguo za ubatizo za nusu ya mlima huu, na nusu nyingine inamwogopa. Apolline alipofungua kitenge, mguu wa bibi haukuacha kukanyaga mpaka mshono ukaisha.

"Ni nini hii, mutoto ya Aganze?"

"Ni ubao yenu, maman. Nilikosa. Niliikata nusu, nilizania itafanya sawa kamba ya gitare. Haikufanya vile. Imepanda mara mbili."

"Na sasa?"

"Sasa inaweza kuwa ya mwisho tu, ya kumi na tano. Ya batu ya Shabunda njo itakaa pa nafasi yenu, katikati."

Bibiane alivua miwani. "Bwana yangu alibeba ile benchi ku kichwa, toka ku barabara mpaka ku kanisa, na mvua ilikuwa inanyesha. Leo unatuweka nyuma ya batu bamefika juzi."

"Niko najua, maman."

"Ungenyamaza. Nani angejua?"

"Hakuna mutu."

"Basi ju nini umekuya kunisumbua na uzee yangu?"

Apolline alikunja kitenge juu ya vile vipande. "Ju kila dimanche wangeipiga pa misa," alisema, "na kila dimanche ningesikia ni ya nani. Sitaweza."

Bibi alimtazama sana. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekata kitambaa, "Utasema mbele ya batu. Siku ya sherehe, kabla haijapigwa. Kwa kinywa yako. Kama hapana, miye nitasema."

"Nitasema."

"Na ile ya kweli ingekuwa urefu gani?"

"Sitini na nane. Nilijaribu na mbao zingine. Lakini sijui ju nini, maman, na kama sijui ju nini, zile zingine nitazikata namna gani? Nusu ni arobaini na nane, hiyo najua. Sitini na nane inatoka wapi?"

Bibiane alikuwa ameanza kuvaa miwani. Akasimamisha mkono. "Rudilia."

"Nusu arobaini na nane. Ya kweli sitini na nane."

"Hiyo ni biais," alisema Bibiane, kama mtu anayesema jua linachomoza mashariki.

"Nini?"

"Biais! Hamukufundishwa kushona?" Akavuta kitambaa cha bitana, akakipima kwa utepe wake, arobaini na nane huku, arobaini na nane huku, akakata mraba. Kisha akaukunja kona kwa kona, ule mkunjo wa mshazari ambao washonaji hukatia kola na sketi za kuzunguka, akaulaza utepe juu ya mkunjo. "Soma weye, macho yangu ni ya zamani."

Apolline akasoma. Sitini na nane, pungufu ya unywele. Akapima tena mwenyewe. Akapima mara ya tatu.

"Miaka makumi tano niko nakata biais," alisema Bibiane. "Arobaini na nane inaleta sitini na nane. Haijakuwa siku moja inaleta ingine."

Jioni hiyo hiyo walipanda wote wawili kwa Mwalimu Mardochée, bibi akishika mkono wa Apolline kwenye utelezi, kitambaa kimekunjwa ndani ya mkoba. Mwalimu alikiangalia kile kitambaa, akaangalia ubao, akashika kichwa.

"Nilikuambia ujaribu, lakini na miye sikujua utapata nini," alikiri. "Kuya tuone. Kamba inavutwa pande mbili. Ukiikata nusu, inatetemeka mara mbili zaidi. Lakini ubao hakuna mutu anaivuta. Inajikunja na kujirudisha kwa ugumu yake yenyewe. Ukiikata nusu, ugumu inazidi sana, inatetemeka mara ine. Mbili mara mbili! Ni mraba. Ili upate mara mbili tu, lazima ukate mahali ambapo urefu mara urefu inakuwa nusu. Na mraba ya sitini na nane ni nusu ya mraba ya tisini na sita. Maman Bibiane, ulishona fizikia."

"Nilishona kola," alisema Bibiane. Lakini alikaa wima kidogo kwenye kiti.

Tangu hapo kazi ilikuwa na njia. Kwa kila sauti Apolline alitoa urefu wa kamba, kamba nzima ikiwa tisini na sita, ambao aliujua kwa kichwa kama majina ya ndugu zake, na Mardochée akauzidisha na ile tisini na sita, akatafuta kipeuo cha pili kwenye simu. Kamba ya sitini na nne ikaleta ubao wa sabini na nane na kidogo. Apolline hakuikubali hata namba moja bila kuijaribu kwenye eukalipti kwanza. Mtu akiumwa na nyoka, hata ukuti humshtua. Alikata kila ubao mrefu kwa kidole kimoja, akapunguza ncha kwa kupandisha, akaparua tumbo kwa kushusha, akasikiliza ugomvi mpaka ukakatika. Akachimba kibuyu kwa kila ubao, vibuyu vya kutoka Luvungi, akavining'iniza chini ili hewa ya ndani iitikie. Siku ya kumi na saba madimba ilisimama kwa miguu yake.

Jumapili ya sherehe kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Askofu alikuwa amemtuma mjumbe wake, Abbé Pascal, padri mzee wa kimo kirefu mwenye kupenda muziki. Kabla kwaya haijaanza, Apolline alikwenda mbele. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Batu ya Mungu," alisema. "Mulinipa mbao kumi na tano. Ya nane, ya Mutakatifu Ana, niliikata vibaya. Ni kosa yangu, si ya ubao, si ya fukusi. Mwalimu alinionya, nikamutukana. Leo shirika ya Ana iko pa nafasi ya mwisho, na ya Bakhita iko katikati. Ni miye niliwavuruga. Niliapa nitaweka musumeno chini. Zote zinaimba, lakini si kama mulivyotaka. Mutaamua nyinyi."

Mnong'ono ulipita kanisani toka mbele mpaka mlangoni. Wazee wa Ana waligeuka kutazamana. Mtu mmoja nyuma alisema wazi, "Si tulisema tuagize Kinshasa?" Apolline aliisikia. Alibaki amesimama pale pale.

Mardochée akawainulia mikono wapigaji. Madimba ikaanza.

Ilianza chini, kwa sauti za wazee, nzito, mpaka ukazihisi kifuani na kwenye mbao za benchi ulilokalia. Zikapanda. Zikafika katikati, kwenye ubao wa watu wa Shabunda, na hapo wimbo ukawa unarudi kila mara, kama watu wanavyorudi kwenye moto. Familia za kule juu zilikuwa zimesimama, mmoja wao analia wazi. Kisha juu, juu kabisa, juu ya wanawake na wanaume na ngoma, ubao mdogo wa Ana ukaingia. Ulikata kelele zote. Watu waliokuwa madirishani waliusikia, na hata waliokuwa barabarani, kando ya vinu. Hakuna sauti nyingine siku hiyo iliyofika mbali hivyo.

Wimbo ukaisha. Abbé Pascal aliondoka kitini mwake, akaja akaugusa ubao kwa kidole, akainama kuangalia vibuyu.

"Nimezunguka jimbo zima," alisema. "Kitu kama hiki sijakiona. Ni kazi ya nani?"

Padri wa parokia akakohoa. "Ni binti wa marehemu Aganze, Monsieur l'Abbé, yule fundi wa..."

"Hapana, padri."

Ilikuwa maman Bibiane. Alikuwa ameinuka katika safu ya Mtakatifu Ana, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, na kanisa zima likageuka, maana bibi huyu hajawahi kumkatiza padri tangu enzi za padri wa kwanza.

"Aganze alikuwa mutu muzuri, nilimujua," alisema. "Lakini Aganze alijua nusu tu. Huyu alikosa mbele yetu, akatafuta, akajua. Ubao iliharibika ilikuwa yangu, basi miye njo niko na haki ya kusema. Hii ni kazi ya Apolline Cibalonza. Andikeni vile, na musumeno asiweke chini."

Watu wa Ana walikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wale wa Shabunda wakawafuata. Apolline alilia mbele ya watu elfu moja, na hakuuficha uso.